Usiache chakula hemani Makalia, nakusihi

Baba Wawili, umeuliza mambo manne: hema la aina gani, lango lipi, baridi ya Agosti, na kama flamingo wapo. Lakini kilichonishtua ni kale kasentensi ka katikati, kwamba mkifika Makalia, ile kambi ya ndani ya Mbuga ya Ziwa Nakuru, mtapiga hema, mwache vyakula ndani ili gari liwe jepesi, halafu mzunguke Ziwa Nakuru hadi jioni. Usithubutu!

Hivyo hasa ndivyo nilivyofanya mimi. Mikate minne, trei ya mayai, ndizi mbivu, unga, na nyama niliyokuwa nimeilowesha kwa limau tangu Nairobi. Nikafunga zipu na, kwa vile mimi ni mtu makini, nikaitia kufuli. Tuliporudi jioni giza likiingia, kufuli lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo. Nyani hawakuuhitaji mlango. Walipasua ubavu wa hema kutoka juu hadi chini, na dume moja kubwa lilikuwa limeketi juu ya godoro letu, mkebe wa siagi katikati ya mapaja, likichovya kidole na kulamba. Likaniangalia kama mgeni aliyeingia bila kupiga hodi. Nikapiga makofi. Likapiga miayo, nikayaona yale meno, nikarudi garini kutafuta fimbo ambayo nilijua fika haiko.

Aliyeniponza ni jamaa aliyenikodisha hema. Nilimuuliza waziwazi kama wanyama hufika pale kambini, akasema, "Mkubwa, mbuga yote imezungushiwa uzio." Kweli imezungushiwa! Uzio ni wa kuwazuia wanyama wasitoke kwenda mjini na mashambani, na mimi nilikuwa nimelipa kiingilio nifungiwe ndani pamoja nao. Huyo huyo akanitoza shilingi 14,000 za hema, bila haya.

Kutoka haikuwezekana, malango yalishafungwa. Tulilala wanne katika gari dogo, chakula chetu pakiti moja ya biskuti iliyosahaulika chini ya kiti. Usiku wa manane nyati wakaja kula nyasi. Unawasikia wakizing'oa, krap, krap, karibu na tairi, na mwanangu wa miaka 6 ndio kwanza anataka kukojoa. Chupa ya chai ilipata kazi mpya, na haijarudi jikoni hadi leo.

Kwa hivyo chochote chenye harufu kinalala garini, vioo vimefungwa. Si chakula tu: dawa ya meno, sabuni, sufuria isiyooshwa, mfuko wa taka. Mkiwa mnapika, mmoja wenu kazi yake iwe kuangalia miti tu. Wala usiwarushie nyani hata ganda la ndizi, ni wageni kama sisi tuliowafunza tabia hiyo. Gari likijaa, acha viti vya kukunja, acha godoro, acha shemeji, lakini chakula kisibaki hemani.

Hema? Lolote lisilovuja. Flamingo wengi walihamia Ziwa Bogoria maji ya Nakuru yalipopanda, usiwaahidi watoto. Lipia kiingilio mapema kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, langoni hawapokei pesa taslimu. Mengine uliyouliza nimeyasahau na simu inaisha chaji.

Ila kabla hujawasha gari kwenda kuzunguka, rudi ukague hema tena. Safari ya pili niliapa nimetoa kila kitu. Kulikuwa na ndizi moja chini ya mto wa mtoto.