Oili na filta ya Hilux 2.5 D-4D inayobeba mizigo

Mkuu, umeuliza kama Hilux yako ya dizeli, inayobeba mchanga kila siku, uiwekee oili nzito ya namba 40 tupu, na kama filta ya bei rahisi inatosha.

Namba 40 tupu achana nayo. Asubuhi injini ikiwa baridi inakuwa nzito, inachelewa kufika kwenye tabo (feni inayosukuma hewa kwenye injini), na tabo ndiyo inayoumia. Chukua 15W-40 ya dizeli, na kwenye galoni tafuta herufi CI-4 au angalau CF-4. C ni dizeli, S ni petroli.

Filta usibane bei. Nzuri ina vali ya mpira inayozuia oili isirudi chini gari likizimwa. Kwenye zile feki mpira huo hukakamaa, na kila ukiwasha unasikia injini ikigonga sekunde kadhaa.

Ukifungua filta ya zamani, hakikisha gasketi yake (ule mpira wa duara) haijabaki kwenye injini. Gasketi mbili zikikutana, oili yote inamwagika barabarani. Mpya ipake oili kwenye mpira, funga kwa mkono. Ikigusa, ongeza robo tatu ya mzunguko. Ile washa (ringi ndogo) ya bolti ya kumwagia oili iwe mpya.

Mimina lita 6, kisha ongeza kidogo kidogo ukipima. Inafika karibu lita 7. Kwa mzigo na vumbi, badilisha kila kilomita 5,000.

Taa ya oili ikichelewa kuzimika hata baada ya kubadilisha, fungua sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Zile washa za nozeli zinazopulizia dizeli zikivuja, masizi huziba chujio la ndani ya sampu, na hapo oili bora haitakusaidia.