Chambo kilale baharini, si ndani ya boti

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: mtu wa Mombasa anayetaka kwenda kuvua kisiwani tangu Ijumaa hadi Jumapili apange nini kwanza, na afanyeje ili chambo hai kisimfie kabla ya kutupa mshipi? Kwangu mimi hilo ni swali moja. Chambo ndicho kinachopanga safari. Kivuliwe kisiwani usiku wa kuamkia uvuvi, kilale baharini ndani ya tundu, kisha kiingizwe kwenye tangi la boti alfajiri kwa saa chache tu. Kubeba vibua, samaki wadogo wa chambo, wakiwa wazima kwa gari kutoka Mombasa ni kuwaua njiani, hata ukiwa na pampu nzuri namna gani: maji yale yale yanapata joto, yanajaa uchafu wao wenyewe, nao wanajigonga kila gari linaporuka tuta.

Nitachukua Wasini kuwa mfano, kwa kuwa Shimoni, bandari ndogo ya bara iliyo mkabala na kisiwa hicho, inafikika jioni moja. Mwenye boti kwenye trela apite barabara ya Dongo Kundu, asipange foleni ya feri ya Likoni Ijumaa jioni. Asiye na boti akodi Shimoni, ila aulize mapema kama chomboni mna betri ya pili ya kuendeshea pampu ya chambo.

Kabla ya kuuliza bei, hesabu mwezi. Wengi hupenda bamvua, siku za maji makubwa, kwa kuwa maji yanakwenda na samaki wakubwa wanatembea. Kwa chambo hai, bamvua ni tabu. Mkondo wa kati ya Shimoni na Wasini huwa mkali, vibua hupigana nao usiku kucha wakibanwa kwenye ukuta wa tundu, na asubuhi unawatoa wamechoka, pua zimechubuka. Mimi nachagua mwezi 22 hadi 24, kwa hesabu ya mwezi mwandamo. Maji ni mafu, yaani hayajai wala kupwa sana, na mwezi hauchomozi mpaka karibu saa sita za usiku, kwa hiyo tangu magharibi una giza la kutosha kwa taa ya kuitia chambo. Mwezi 8 hadi 10 maji ni mafu vilevile, lakini mwezi uko juu tangu jioni na taa haivuti samaki kama gizani. Tena katika pwani yetu maji mafu hujaa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, maana yake unaanza alfajiri na maji yanayojaa. Bamvua hujaa saa kumi alfajiri na saa kumi jioni; saa nne asubuhi maji yamekupwa na chombo kilichotiwa nanga karibu na ufuo kimekaa juu ya mchanga.

Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, ndiyo ya kutoka nje kuelekea mkondo wa Pemba. Kusi inapokolea, Juni hadi Agosti, baki nyuma ya kisiwa.

Jambo la sheria ni fupi lakini halina mjadala. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Kisite hakuvuliwi chochote, hata kibua mmoja wa chambo. Eneo la Mpunguti linaruhusu uvuvi wa kienyeji tu. Nyavu za kukokota zilipigwa marufuku tangu 2001, basi usishawishike kukokota ufuoni ili upate chambo cha haraka. Pita ofisi ya BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, uliza mipaka, na uache jina la nahodha na saa mnayotarajia kurudi.

Chambo chenyewe kivue kwa ndoana. Mshipi mwembamba, ndoana ndogo tano au sita zenye unyoya au kipande cha ngozi ya samaki, chubwi nyepesi chini, na kila mwiba wa ndoana umebanwa kwa koleo ili samaki ateleze mwenyewe. Washa taa upande mmoja wa chombo, ngoja simsim, wale dagaa wadogo, wakusanyike, vibua watawafuata. Usimshike kwa mkono. Ning'iniza mshipi juu ya ndoo, geuza ndoana, aanguke majini. Mkono mkavu huondoa ute na magamba, na kibua aliyepoteza magamba hufa kesho yake hata akionekana mzima usiku huu. Mkono uliopakwa mafuta ya jua au ulioshika petroli ni mbaya zaidi. Aliyeanguka kwenye sakafu ya boti mtie kwenye barafu awe chambo kifu. Usimchanganye na wazima.

Simsim ni dhaifu mno, hamalizi usiku. Chuchunge naye hufa upesi. Mkizi ndiye mvumilivu kuliko wote, na asiye na tangi la maana aanze naye.

Tundu la kulaza chambo hugharimu kidogo. Pipa la plastiki la lita 200 lililobeba chakula, kamwe si kemikali, toboa matundu ya sentimita moja, yawe mengi pande mbili na machache upande utakaoelekea mkondo. Laini kingo za ndani kwa msasa. Funga madumu mawili matupu ya lita tano juu, kifuniko chenye kamba, na jiwe chini lisimamishe pipa. Lifunge mahali pa maji mapole na yenye kina hata maji yakipwa, na lisiguse mwamba, kwa kuwa mkunga hupata njia. Vibua 30 wanalitosha. Usiwalishe usiku huo. Mwenye tumbo tupu huchafua maji ya tangi kidogo. Saa kumi na moja alfajiri toa wale wanaoogelea upande au waliobadilika rangi, uwaache nyuma.

Sasa tangi la boti, mahali panapoharibika safari nyingi. Kibua hupumua kwa kuogelea. Akisimama, hewa haimfikii. Ndiyo sababu tangi liwe la mviringo: kwenye pembe anasimama, anagonga pua, wenzake wanamlalia. Tangi la lita 100 libebe vibua 15, wawe 20 ikiwa maji yanaingia bila kukatika. Maji yote yabadilike kila dakika kumi, yaani lita 600 kwa saa zinazofika tangini kweli. Nunua pampu ya volti 12 iliyoandikwa lita 1,500 hadi 1,900, kwa sababu kipimo cha kwenye boksi hupungua ikipandisha maji kwenye bomba. Hula kama ampea mbili. Ipe betri yake yenyewe na fyuzi. Ukiitumia ya kuwashia injini, utakwama nje ya miamba ukiwa na chambo kizuri na injini isiyowaka. Maji yaingie kwa mshazari yakizunguka polepole, na bomba la kutokea liwe nene mara mbili ya la kuingilia, lenye chujio, sentimita tano chini ya kifuniko. Tangi lijae mpaka hapo. La nusu hupiga mawimbi ndani na kuwaumiza.

Boti ikienda kasi pampu huvuta hewa: utaisikia inaunguruma na maji hayatoki. Zima, simamisha boti, shusha bomba hewa itoke, washa tena. Weka karibu pampu ndogo ya hewa ya betri na jiwe lake la kutolea mapovu kwa dakika hizo. Ukikatiza maji ya bandarini yenye mafuta, au maji ya mto yenye tope baada ya mvua, funga maji ya nje utumie hewa tu mpaka uyapite.

Watazame kila robo saa. Wakipanda juu wakifungua midomo, hewa haitoshi: punguza idadi kwanza, ndipo uangalie pampu. Povu lisilopasuka ni ute na uchafu, badilisha maji. Wakirundikana wote wakipambana na maji, mkondo wa pampu umezidi. Maji yakipata joto samaki hutaka hewa zaidi ilhali maji yenyewe huishika kidogo, basi weka kifuniko na kivuli. Pampu ikifa, chupa ya lita moja na nusu iliyogandishwa ikiwa imefungwa hushusha lita 100 kwa nyuzi kama moja na nusu. Moja kwa wakati inatosha. Usimwage barafu yenyewe: maji ya bomba yana klorini na yanapunguza chumvi.

Kwa nguru, pitisha ndoana puani na uburure polepole. Ya pili ifuate nyuma kwa waya, maana nguru hukata mkia kwanza. Kwa chewa na kolekole ukiwa umetia nanga, ndoana ipite mgongoni juu ya uti, bila kuugusa. Badilisha chambo kinapoacha kukimbia, kabla hakijafa.

Kisiwani nenda na maji yenu ya kunywa, lita tano kwa mtu kwa siku. Barafu ya samaki na ya chakula ziwe kwenye masanduku mawili. Kila mtu na jaketi lake la kuokolea.

Jumapili kabla ya kurudi, waachie waliobaki pale pale walipovuliwa. Pitisha maji yasiyo na chumvi kwenye pampu dakika tano, sugua tangi kwa brashi bila sabuni, maana masalia yake yatawaua wa safari ijayo, na uliache wazi juani likauke.