Je, mbao za aina tofauti zinaweza kuunganishwa katika meza moja ya jikoni?

SWALI: Ninakusudia kutengeneza kwa mikono meza ya kusimama katikati ya jiko, yenye kabati chini, na uso wake niuunge kwa vipande vya msaji, mkangazi na mninga. Fundi mwenzangu amenionya kwamba mbao zisizofanana zitavutana hadi uso upasuke. Naomba ushauri.

JIBU: Onyo hilo lina ukweli, ingawa mchanganyiko wenyewe si kosa. Unyevu wa hewa unapobadilika, ubao hutanuka na kusinyaa kwa upana, wala si kwa urefu; kwa hiyo laza vipande vyote nyuzi zikielekea upande mmoja, navyo viwe vimekauka kwa kiwango kimoja, kwani ubao mbichi uliounganishwa na mkavu ndio unaoleta ufa. Msaji una mafuta ya asili yanayozuia gundi kushika: futa kingo zake kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka gundi isiyoyeyuka kwa maji, kisha ubane mara moja.

Usiugandishe uso huo kwa gundi juu ya kabati, jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulifanya kwa haraka zao. Ufunge kwa skrubu zilizopitishwa katika matundu marefu, yaliyochongwa kufuata upana wa uso, ili skrubu ziteleze mbao zinapotanuka. Mafuta ya kumalizia yapakwe juu na chini, maana uso uliopakwa upande mmoja hunyonya unyevu kwa mwingine na kupinda.