Dhahabu ipi kwa bangili za shanga?

Dada, pole kwa bangili zilizobadilika rangi mkononi mwa mteja. Kwa ulivyozieleza, vishanga vile vya dhahabu vilikuwa vya kuchovya, yaani shaba iliyopakwa dhahabu kwa juu tu. Utando wake ni mwembamba mno. Jasho, manukato na kusuguana kwa shanga huumaliza upesi, shaba ya chini ikajitokeza.

Kwa bangili za kuvaa kila siku, mimi ningechukua dhahabu ya kubandikwa, ile yenye alama 1/20 14K GF (GF ni kifupi cha gold-filled). Maana yake, sehemu moja kati ya 20 ya uzito wake ni dhahabu ya karati 14 (karati ni kipimo cha usafi wa dhahabu), iliyogandamizwa juu ya shaba kwa joto na shinikizo. Hudumu miaka. Ila usiipige tupa wala msasa, na ncha za waya ulizokata zifiche ndani ya shanga, maana pale shaba iko wazi.

Dhahabu halisi ya karati 14, yenye stempu 585, iweke kwenye ndoano za hereni ukiweza. Karati 24, yaani dhahabu tupu, ni laini, itapinda.

Na tafadhali, mwambie kila mteja anachonunua ni kipi hasa.