Maswali ya Wasomaji: Tuliomba na Kufunga, lakini Mume Wangu Hakupona

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mume wangu alifariki mwaka jana baada ya kuugua saratani kwa muda mrefu. Tulikesha, tukafunga, watumishi wakaja nyumbani kumwekea mikono, na wengine wakatuhakikishia kwamba angepona. Baada ya mazishi, baadhi ya wanajumuiya walisema kwamba imani yetu ilikuwa haba, au kwamba katika ukoo wetu kuna dhambi ambayo haijatubiwa. Nimebaki na watoto watatu na deni la matibabu. Ibadani naenda, lakini nyimbo za upendo wa Mungu zinapoimbwa siwezi kufungua kinywa. Mwanangu wa miaka 9 ameniuliza kwa nini tuendelee kuomba ilhali baba hakupona. Nitapataje tumaini katika hali hii, na nimjibu nini mtoto? – Mjane, Njombe.

JIBU: Mama mpendwa katika Kristo, pole sana kwa msiba, na pole pia kwa maneno uliyotupiwa ukiwa bado na machozi.

Niruhusu nianze na maneno hayo, kwa sababu si ya kweli, na mtu aliyeaminishwa kwamba kifo cha mumewe ni adhabu hawezi kusikia habari ya upendo wa Mungu hata ihubiriwe vizuri namna gani. Yesu mwenyewe aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko watu wengine wote waliokaa Yerusalemu, naye akajibu kwamba sivyo (Luka 13:4-5). Kuhusu imani haba, mtazame Paulo, ambaye kwa mikono yake Mungu aliponya wagonjwa wengi: aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake mwilini na haukuondolewa, tena katika barua yake ya pili kwa Timotheo anaandika, bila kumlaumu mtu yeyote, kwamba alimwacha mwenzake Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa. Sijawahi kusikia mahubiri juu ya Trofimo, na nadhani tungewaumiza wafiwa wachache zaidi kama tungemhubiri. Rafiki zake Ayubu nao walifanya vema siku saba walizoketi naye chini bila kusema neno; walipoanza kutafuta dhambi iliyomletea maafa ndipo walipokosea, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyelalamika.

Hapo ndipo ninapotaka uone jambo kuhusu kinywa chako kisichofunguka. Unadhani ni dalili kwamba imani imekwisha, lakini Biblia imewapa nafasi kubwa watu walioshindwa kusifu. Zaburi ya 88 inamlilia Mungu mchana na usiku, inamuuliza kwa nini anauficha uso wake, na inamalizika gizani, bila hata mstari mmoja wa shangwe. Hata hivyo Waisraeli waliihifadhi miongoni mwa nyimbo zao za ibada. Maneno tunayoyapenda sana, kwamba rehema za Bwana ni mpya kila siku asubuhi, yanatoka katika Maombolezo sura ya 3, kitabu kilichoandikwa baada ya Wababeli kuuteketeza mji wa Yerusalemu, na kabla ya kuyafikia maneno hayo mwandishi amekwisha kusema kwamba Mungu amemzungushia ukuta na kuyakataa maombi yake. Anayemlalamikia Mungu bado anazungumza naye. Kwa hiyo, wakati wenzako wanaimba sifa, wewe isome Zaburi hiyo ya 88 kimyakimya, nayo ni ibada kamili.

Sasa, tumaini lenyewe litoke wapi? Kama tungelazimika kuupima upendo wa Mungu kwa yaliyotupata mwaka huu, wewe ungekuwa na haki ya kusema kwamba hupendwi. Lakini Paulo anauweka uthibitisho wa upendo huo mahali pengine: Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi (Warumi 5:8). Hilo limekwisha kutendeka, wala saratani haiwezi kulitangua. Ndiyo maana katika sura ya 8, anapotaja dhiki, njaa na upanga, haahidi kwamba havitatufikia. Anasema havitatutenga na upendo huo, na katika orodha yake ya mwisho anaanza na mauti. Naye hakuwa akisema mambo ya kusikia, kwani alipigwa kwa fimbo, akavunjikiwa na jahazi, na huko Asia alilemewa hata akakata tamaa ya kuishi. Mume wako, aliyekufa katika Kristo, yumo ndani ya ahadi hiyo leo kama wewe, nasi tunaungojea ufufuo.

Kuhusu deni, nenda kwa mchungaji wako au mzee wa kanisa unayemwamini, umweleze kiasi chote bila kuona haya, kwa maana kuwatazama wajane na yatima katika dhiki yao ni wajibu wa usharika (Yakobo 1:27). Na kama hupati usingizi, huli, au umefikia kutamani kufa, tafadhali nenda pia kituo cha afya wiki hii hii. Eliya alipoomba afe, kitu cha kwanza alicholetewa na malaika kilikuwa mkate na maji.

Mwanao usimtungie sababu. Mwambie kwamba hujui kwa nini baba hakupona, kwamba hakuna aliyekosea katika kuomba, na kwamba Yesu alimlilia rafiki yake Lazaro ijapokuwa alijua atamfufua. Kisha mwombe yeye mwenyewe amwambie Mungu kwa maneno yake jinsi anavyomkumbuka baba, na akisema amemkasirikia Mungu, usimkemee.