Tairi Langu Lilikuwa Zima kwa Nje Tu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, matairi yangu hayajamaliza hata mwaka na mawili ya mbele yameisha upande wa ndani. Aliyeniuzia anasema ni barabara. Fundi anasema ni feki. Nimwamini nani?"

Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Ndugu yangu, usimwamini yeyote kati yao kabla hujapima alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu. Mimi nimepita hapohapo ulipo, na mpaka leo panauma.

Matairi yangu mapya ya kwanza niliyanunua kwa kujinyima. Miezi michache baadaye nikaingia kwenye shimo kwa kishindo. Gari likaendelea kutembea, nikamshukuru Mungu, nikasahau. Lakini tangu siku ile usukani ulikaa kombo kidogo hata barabara ikiwa imenyooka. Nikauzoea. Kwa miezi minne niliushika hivyohivyo, nikaona ndivyo gari lilivyo.

Kisha nikaahidi kumpeleka mama safari ya mbali. Usiku ule akaniuliza kama gari nimelikagua, nikamjibu ndiyo. Na kweli nilikuwa nimelizunguka, nikayatazama matairi nikiwa nimesimama wima: kashata, zile nundu za tairi zinazokamata barabara, zimejaa, hayana mpasuko. Katikati ya safari tairi la mbele la kushoto likapasuka. Nilifanikiwa kulivuta gari pembeni na hakuna aliyeumia. Nilipolitoa lile tairi nikakuta upande wa nje mzima kabisa, na wa ndani umelika mpaka waya zinaonekana. Mama alikuwa amesimama kando, mkoba kifuani. Akaniuliza taratibu, "Si ulisema umelikagua?" Hajawahi kurudia swali hilo. Mimi ndiye ninayejiuliza kila ninapowasha gari.

Kilichotokea ni hiki. Lile shimo lilipindua mwelekeo wa magurudumu ya mbele. Kwa macho huoni kitu, lakini tairi lisiloelekea gari linakokwenda haliviringiki tu, linaburutwa pia. Linasagwa kila mita, upande mmoja, na upande huo ukiwa wa ndani humwoni adui mpaka siku anapojitokeza. Usukani ukikaa kombo, au gari likivuta upande mmoja, nenda kapime alaimenti wiki hiyohiyo. Ukibadilisha tairi bila kurekebisha alaimenti, hata jipya la bei ghali litakufa vilevile.

Baada ya aibu ile nilianza kujifunza, na bado nikakosea. Nilijaza upepo kwa kufuata namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Ile ndiyo kikomo chake, si kipimo cha gari lako! Kipimo chako kiko kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva, na katika kitabu cha gari. Nilijaza kupita kiasi, matairi yakaisha katikati. Upepo ukipungua mambo hugeuka: yanalika kingo zote mbili, ubavu unakunjika mno, joto linapanda, na joto ndilo linalopasua tairi mwendoni.

Nikanunua geji yangu mwenyewe ya kupimia upepo. Napima asubuhi kabla ya kuondoka, matairi yakiwa baridi, maana yakishatembea upepo hupanda na kipimo hukudanganya. Tairi zima, lisilo na pancha yoyote, hupoteza takriban PSI 1 (PSI ndiyo kipimo cha upepo kinachosomeka kwenye geji) kwa mwezi. Kwa hiyo pima kila mwezi, hata kama hujaona dalili. Pima na tairi la akiba, watu wengi hulikumbuka siku wanapolihitaji.

Leo matairi niliyonayo yana kilomita 61,000 na bado kashata zimesalia milimita 3. Najivunia hilo, sitaficha. Nilikuwa nayabadilisha nafasi kila kilomita 8,000 hadi 10,000, ya mbele kwenda nyuma, kwa sababu gari langu linavuta kwa mbele na magurudumu hayo ndiyo yanayovuta, yanayokata kona na kubeba kazi kubwa ya breki. Yenye mshale wa mwelekeo ubavuni hubaki upande wake. Mengine ni mwendo: kutokata kona kwa kasi, kutopanda kingo za barabara, kutokanyaga breki kwa ghafla bila sababu. Hayo unayajua tayari.

Nisichokielewa ni sisi tunaoosha gari kila wiki na kuyapaka matairi mafuta yang'ae, lakini hatujawahi kupiga goti kuyatazama. Sehemu ya kila tairi inayogusa ardhi ni kama ukubwa wa kiganja. Hapo ndipo umewapakia watoto wako na wazazi wako. Piga goti, jamani. Pima upepo. Suruali itafuliwa.

Nawe uliyeniandikia, kesho asubuhi kata usukani wote kulia, halafu wote kushoto, upapase kila tairi la mbele upande wa ndani polepole, maana waya zikiwa nje hukata vidole. Kukiwa laini kama kipara, au ukiona waya, usiliendeshe tena gari hilo kwa matairi hayo. Likiwa moja funga la akiba, yakiwa yote mawili mwite fundi, kanunue mengine mawili, na kabla hujaondoka hapo ulipoyafunga wapime alaimenti mbele ya macho yako. Kisha niandikie walichokikuta.