Bolti za magurudumu ya gari la zamani: paka rangi kichwa, bega na meno viache

Rimu za aloi zikishasafishwa na kupakwa upya, bolti ndizo zinazoharibu sura. Ziko tano kwenye kila gurudumu, zimekaa katikati kabisa ambako macho hutua kwanza, na zimeliwa na kutu. Hapa Kigoma wenye magari ya zamani tunajuana, na nimeona namna mbili za kulimaliza jambo hili. Wapo wanaoziacha na kutu yake. Wapo wanaozipuliza rangi yote, kuanzia kichwani mpaka nchani, kisha wakazifunga. Namna hii ya pili inanitia hofu, maana hizo bolti ndizo zinazoshika gurudumu.

Gari langu ni Mercedes-Benz W123, toleo lililotengenezwa kuanzia 1975 mpaka mwanzoni mwa 1986, magari karibu milioni 2.7. Rimu zake ni za aluminiamu iliyofuliwa kama chuma cha mhunzi, nazo zina jina la Fuchs, kiwanda cha Ujerumani. Nitakayoeleza yanafaa pia kwa BMW na Volkswagen nyingi za zamani, kwa kuwa nazo zinatumia bolti badala ya nati. Vipimo na umbo la bolti ndivyo utakavyotazama kwenye kitabu cha gari lako.

Anza kwa kuichunguza bolti yenyewe kabla ya kufikiria rangi. Chini ya kichwa kuna sehemu iliyoviringwa inayokaa ndani ya tundu la rimu. Mimi naiita bega. Bega likiwa na mikwaruzo mirefu, au meno yameliwa, au kutu imechimba vishimo kwenye shingo, bolti hiyo itupe. Jaribu kila moja kwa mkono kwenye habu yake, yaani kile kitovu cha chuma ambacho rimu hufungwa: iingie kwa vidole mpaka mwisho bila kulazimishwa. Inayogoma baada ya kusafishwa usiisukume kwa spana.

Ukienda kununua nyingine madukani kule Mwanga, hapa Kigoma, beba ya zamani mkononi. Meno ya W123 ni ya milimita 12 kwa hatua ya 1.5, yaani umbali wa jino hadi jino, sawasawa na ya bolti za magari mengine mengi. Kwa hiyo utaonyeshwa bolti inayoingia vizuri kabisa, inang'aa, bei nafuu, lakini bega lake ni la pembe kama pia badala ya kuviringwa. Bega la pembe ndani ya tundu la mviringo hugusa mstari mwembamba tu. Litalegea. Tazama na urefu: bolti za rimu hizi za aloi zina mguu wa takriban sentimita 4, na za rimu ya chuma ni takriban sentimita 2. Ndefu ukiifunga kwenye rimu ya chuma inaweza kupitiliza na kugonga mitambo ya breki ya mkono kule nyuma. Fupi ukiifunga kwenye aloi inashika meno machache mno. Kama spea yako ni ya chuma, weka bolti fupi tano kwenye buti, pamoja na jeki.

Sasa kutu. Fundi mmoja kijana, mwenye mkono mzuri kwa kweli, aliniambia, "Mzee, nipe hizo nizitumbukize kwenye maji ya betri, muda si mrefu zinakuwa nyeupe." Nikamwambia, "Mwanangu, weupe huo tutaulipa barabarani." Tukakaa, nikamweleza, naye akaniuliza maswali ya maana kuliko watu wengi wazima.

Bolti za magurudumu ni chuma kilichotiwa ugumu. Nyingi ni za daraja la 10.9, yaani chuma cha kuhimili mvutano wa takriban megapaskali 1,000. Asidi, kama hayo maji ya betri, inapokula kutu huzalisha hidrojeni, na sehemu ya hidrojeni hiyo hupenya ndani ya chuma kigumu na kukifanya kiwe chepesi kukatika. Ukiitazama bolti huoni kitu. Unaikaza, inakubali, halafu baada ya saa kadhaa au siku inakatika yenyewe kwa mzigo ambao zamani iliubeba bila shida. Ndiyo sababu viwanda vinavyochovya bolti ngumu kwenye zinki kwa umeme huzioka baadaye kwa saa kadhaa, kwenye joto la nyuzi 200 hivi. Ukitaka kuzituma zikachovywe hivyo, uliza kwanza kama kazi hiyo ya kuoka inafanyika. Jibu likiwa la kubabaisha, zirudishe nyumbani.

Moto nao usiutumie. Kuna wanaotupa bolti kwenye jiko la mkaa ili rangi ya zamani iungue. Bolti ikishaiva nyekundu, ule ugumu wa kiwandani umeondoka, na kuimwagia maji hakuurudishi.

Kinachobaki ni brashi ya waya, msasa na subira. Loweka bolti kwenye mafuta ya taa usiku kucha zitoe grisi na vumbi, zifute, kisha sugua kichwa kwa msasa namba 120, halafu 240, umalizie na 400. Meno yasugue kwa brashi ya waya peke yake, usiyapitishie msasa wala kuyachonga upya, maana kila unapochonga unaondoa chuma. Bega lisafishwe mpaka liwe laini kwa kidole, bila kubadilisha umbo lake. Mwisho futa kila kitu kwa tina na kitambaa safi, na kuanzia hapo usishike kichwa kwa mkono mtupu. Jasho la vidole hufanya rangi ibanduke.

Rangi inataka jicho. Wengi hukimbilia fedha inayong'aa kama kioo, na hapo ndipo kazi inapoharibika, kwa sababu rimu za Kijerumani za miaka hiyo hazikung'aa hivyo. Fedha yake imepoa, ina chembe ndogo ndogo, na ikikaa miaka inapoa zaidi. Maliza rimu kwanza. Kisha puliza rangi unayofikiria kwenye kifuniko cha kopo, acha ikauke kabisa, ukiweke karibu na rimu kivulini, halafu juani, halafu tena jioni. Rangi mbichi na rangi kavu hazifanani. Mimi huchagua iliyopoa kidogo kuliko rimu, kwa kuwa kichwa cha bolti kina pembe nyingi zinazorudisha mwanga na huonekana cheupe kuliko kilivyo.

Kupuliza kwenyewe ni rahisi ukijipanga. Chukua boksi gumu, toboa matundu, chomeka bolti mpaka bega lizame na kichwa peke yake kibaki juu. Boksi likiwa jembamba, zungushia bega tepu ya karatasi. Anza na praima yenye zinki, mkono mwepesi, kisha rangi mara mbili au tatu nyembamba, kisha vanishi inayovumilia petroli. Fanya kazi hii kiangazi, Juni hadi Agosti, asubuhi kabla upepo wa ziwani haujaanza kuinua vumbi. Wakati wa masika unyevu unaingia kwenye rangi ikiwa mbichi na kuiachia ukungu mweupe ambao hautoki. Kisha ziache zikae wiki nzima. Rangi kavu kwa kugusa bado ni laini ndani, na soketi itaimenya.

Nirudi kwenye bega, maana hapa ndipo ninapoombea kila mtu asikilize. Bolti ikikazwa hurefuka kidogo mno, na mvutano wa kule kurefuka ndio unaobana rimu kwenye habu. Rangi ikiwa katikati ya bega na rimu, joto la breki na mtikisiko wa barabara huisaga ikaisha. Unene uliopotea ni mdogo kuliko karatasi, lakini na kule kurefuka ni kudogo vilevile, hivyo mvutano unashuka na gurudumu linaanza kucheza. Kwa hiyo ondoa tepu, tazama kila bega, na rangi yoyote iliyovuja ipanguse kwa tina mpaka chuma kionekane. Meno yaende makavu na safi. Ukiyapaka grisi, nguvu ileile ya spana itaivuta bolti kupita kiasi.

Kwa kufunga, tumia soketi ya 17 yenye pembe sita; ile ya pembe kumi na mbili inagusa kona tu na kung'oa rangi. Weka kipande cha mfuko wa nailoni kati ya soketi na kichwa. Anza zote kwa vidole, kaza kwa kuruka, si kwa kuzunguka kwa mfululizo, na umalizie gari likiwa chini. W123 inataka nyutonimita 110, ndicho kipimo cha nguvu ya kukaza. Azima spana ya torki, ile inayopima nguvu hiyo, ikiwezekana. Ukikosa, ile mizani ya ndoano wanayopimia samaki mwaloni Kibirizi itakusogeza karibu: ifunge kwenye mpini, nusu mita kutoka katikati ya bolti, ivute kwa pembe mraba mpaka isome kilo 22 na nusu. Bomba la kurefusha spana na kupanda juu kwa miguu, kama tunavyoona kwa mafundi wengi wa pancha, ni kuinyonga bolti.

Baada ya kilomita 50 hadi 100 kaza tena kwa kipimo kilekile, magurudumu yakiwa yamepoa. Safari ya Kasulu inatosha. Mabaki ya rangi yapulizie kwenye kichupa kidogo chenye kifuniko. Kila ukibadilisha tairi kutakuwa na kona moja mbili zilizochubuka, na ncha ya njiti ya kiberiti inatosha kuzigusia.